Reli ya Kati na Benki Iliyozaliwa Nayo

Mwezi Februari mwaka 2020 serikali ya Tanzania ilitia saini mkopo wa dola bilioni 1.46 za Marekani kwa ajili ya reli ya kisasa kutoka Dar es Salaam hadi Makutupora, mkoani Singida. Benki iliyoongoza kuukusanya mkopo huo ni Standard Chartered, na sehemu yake kubwa iliwekewa dhamana na taasisi za Denmark na Sweden zinazosimamia mikopo ya mauzo ya nje. Nilipoisoma habari hiyo sikushangazwa sana na ukubwa wa fedha zenyewe, kwa sababu reli haijawahi kuwa kitu cha bei rahisi popote duniani. Kilichonikaa akilini ni mpangilio wake: mkopeshaji yuko mbali, mdhamini yuko mbali zaidi, na mlipaji yuko hapa. Njia hiyo ya Dar es Salaam, Morogoro na Dodoma iliwahi kujengwa kwa mpangilio unaofanana na huo zaidi ya miaka mia moja iliyopita, na aliyetaka kuielewa reli ile ya kwanza ilimbidi aiangalie pamoja na benki iliyozaliwa nayo. Historia zetu za shule hutufundisha reli katika sura moja na fedha katika sura nyingine, kama kwamba vitu hivi viwili havikuwahi kukutana.

Kabla ya chuma na mataruma, safari ya kutoka pwani hadi Tabora ilikuwa na benki yake, ingawa haikuwa na jengo wala mhasibu wa kuketi nyuma ya dirisha. Wafanyabiashara wakubwa wa Kihindi wa Zanzibar, wakiwemo wenye nyumba ya Jairam Shivji waliokodi ushuru wa forodha wa Sultani kwa miaka mingi, na Taria Topan aliyemkopesha Tippu Tip mali ya kuingia nayo bara, ndio walioiwezesha misafara. Hawakutoa fedha taslimu, bali walitoa mali: merikani, kaniki, shanga, nyaya za shaba, bunduki na baruti. Mkopaji aliipeleka mali hiyo bara na kuibadilisha kwa pembe za ndovu, kisha akarudi baada ya mwaka mmoja, miwili, pengine mitatu, na pembe zile zikapimwa dhidi ya deni. Riba haikuandikwa peke yake, kwa kuwa ilikuwa imeshaingizwa katika bei ya kila gora la kitambaa. Msafara ukivamiwa njiani, au mkopaji akifia Manyema, hasara ilimrudia mkopeshaji, na kwa sababu hiyo mkopeshaji alilazimika kumjua mtu wake vizuri, ukoo wake, washirika wake, na madeni aliyokuwa nayo kwa wengine.

Sina nia ya kuupamba mfumo huo. Mali ileile iliyonunua pembe ilinunua pia watu, na mzigo wote ulipanda na kushuka juu ya mabega ya wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, kila mmoja akibeba kilo zipatazo 30. Hata hivyo, ulikuwa mfumo ambamo hatari ya biashara ilibaki mikononi mwa yule aliyetarajia faida. Tutaona kwamba reli iliibadilisha kanuni hiyo kabisa.

Wajerumani walianza na Tanga, na walianza vibaya. Kampuni binafsi iliyoundwa kujenga reli ya Usambara ilianza kazi mwaka 1893, ikafika Muheza mwaka 1896 baada ya kilomita 40 hivi, kisha ikaishiwa fedha. Mwaka 1899 serikali ililazimika kuichukua, na reli ikasonga polepole hadi Korogwe, Mombo, na hatimaye Moshi mwaka 1911. Funzo ambalo mabenki ya Berlin yalilipata Tanga lilikuwa wazi: katika nchi hii hakuna mwenye mtaji atakayetia fedha zake kwenye reli kwa matumaini ya nauli na mizigo peke yake.

Waingereza, upande wa pili wa mpaka, walikuwa wameshalikubali jambo hilo bila kulizunguka. Reli ya Uganda, iliyoanza Mombasa mwaka 1896 na kufika ukingoni mwa Ziwa Viktoria mwezi Desemba 1901, ililipiwa na Bunge la London moja kwa moja, kwa gharama iliyozidi pauni milioni 5. National Bank of India ilifungua tawi Mombasa mwaka uleule wa 1896. Haikuja kuijenga reli. Ilifuata fedha zilizokuja na reli, yaani rupia za mishahara ya wafanyakazi zaidi ya 30,000 walioletwa kutoka India, pamoja na malipo ya wafanyabiashara waliowalisha. Huko, reli ilitangulia na benki ikafuata nyuma kama mchuuzi anayefuata msafara.

Upande wa Wajerumani reli na benki zilitoka katika nyumba moja. Mwaka 1904 bunge la Ujerumani lilipitisha sheria ya kuidhamini kampuni mpya, Ostafrikanische Eisenbahn-Gesellschaft, ambayo mabenki yaliyoongozwa na Deutsche Bank yaliiunda kwa mtaji wa marki (fedha ya Ujerumani) milioni 21 ili kujenga reli kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro. Miezi michache baadaye, mwanzoni mwa mwaka 1905, watu wa tabaka lilelile la fedha mjini Berlin, pamoja na kampuni ya zamani ya koloni, waliunda Deutsch-Ostafrikanische Bank kwa mtaji wa marki milioni 2 na kupewa kibali cha kutoa noti katika koloni. Ofisi kuu ya benki ilikuwa Berlin. Dar es Salaam palikuwa na tawi tu.

Dhamana yenyewe inastahili kuangaliwa kwa karibu, kwa maana ndiyo moyo wa jambo lote. Dola ya Ujerumani iliahidi kwamba mwenye hisa za kampuni ya reli angepata riba ya asilimia 3 kila mwaka, treni ziende au zisiende, mizigo iwepo au isiwepo, na siku hisa zake zitakaporudishwa angelipwa marki 120 kwa kila marki 100 alizotoa. Mtu wa Frankfurt aliyekuwa na akiba ndogo angeweza kuinunua hisa hiyo bila kujua Ruvu iko wapi. Hakuhitaji kumjua mkopaji, hakuhitaji kujua kama pamba ya Kilosa itastawi, na hata nchi nzima ingewaka moto, asilimia 3 yake ilikuwa palepale.

Na nchi iliwaka moto kweli. Ujenzi ulizinduliwa Dar es Salaam tarehe 9 Februari 1905 mbele ya mwana wa mfalme wa Ujerumani, Adalbert, na mwezi Julai mwaka huohuo vita vya Maji Maji vikaanza kusini katika vilima vya Matumbi. Mwezi Machi wa mwaka huohuo, Gavana Götzen alikuwa ameamuru kodi ya rupia 3 ilipwe kwa fedha taslimu, si tena kwa mazao. Nimejaribu kuziweka namba hizi pamoja. Asilimia 3 ya marki milioni 21 ni marki 630,000 kwa mwaka. Kwa kiwango rasmi cha rupia 15 kwa marki 20, hizo ni rupia 472,500, ambazo ni sawa na kodi ya mwaka mzima ya walipaji 157,500. Hesabu hiyo ni yangu, na kisheria aliyewajibika kulipa alikuwa dola, wala si mkulima wa Matumbi. Lakini inasaidia kuona ukubwa wa ahadi iliyotolewa kwa wenye hisa ukilinganisha na mifuko ya watu ambao reli ilipita katika nchi yao.

Noti za benki zilitolewa kwa tarehe ya 15 Juni 1905. Noti ya rupia 5 ilichorwa simba wawili, ya rupia 10 ikachorwa bandari ya Dar es Salaam, na zile za rupia 50 na 100 zikabeba picha ya Kaizari Wilhelm II. Zilikuwa karatasi nzuri, zilizochapishwa Ujerumani kwa ustadi mkubwa. Lakini msomaji atazame thamani zake. Noti ndogo kuliko zote ilizidi kodi ya mwaka ya mtu mmoja. Kibarua aliyekuwa akipiga nyundo misumari ya reli huko Ngerengere alipewa rupia za fedha na sarafu ndogo za heller, 100 kwa kila rupia, na hakuwa na sababu ya kuishika noti wala ya kukanyaga ngazi za benki. Benki ilikuwa ya serikali, ya kampuni ya Philipp Holzmann iliyojenga reli, ya mashamba ya mkonge, na ya nyumba kubwa za biashara zilizohitaji kupeleka fedha Hamburg na kuzirudisha. Mwenye duka Mhindi wa Mpwapwa aliendelea kukopa mali kwa mfanyabiashara mkubwa wa pwani, kama zamani, na mkulima aliendelea kukopa dukani. Benki ilikaa juu ya mnyororo huo bila kuugusa mwisho wake.

Treni ilifika Morogoro mwezi Desemba 1907, baada ya kilomita zipatazo 209. Mwaka huohuo nchi ilitembelewa na Bernhard Dernburg, waziri wa makoloni wa Ujerumani. Wanahistoria humkumbuka kama mtu wa mageuzi baada ya Maji Maji, na ni kweli alipunguza ukali wa mambo fulani. Lakini kwa mada yetu kikubwa ni kwamba kazi yake kabla ya uwaziri ilikuwa ukurugenzi wa benki. Alijua jinsi ya kuwauzia watu hatifungani. Chini yake reli iliacha kutegemea kampuni binafsi peke yake. Kuanzia mwaka 1908 fedha za kuipeleka mbele zilitokana na mikopo ya koloni iliyodhaminiwa na dola. Kasi ikabadilika. Kilosa ilifikiwa mwaka 1909, Dodoma 1910, Tabora 1912, na Kigoma mwezi Februari 1914, jumla ya kilomita 1,250 hivi kutoka bahari hadi ziwa. Safari iliyowachukua wapagazi miezi ikawa ya siku chache. Bagamoyo, mji uliokuwa lango la misafara, ulibaki pembeni ya njia, na maelfu ya Wanyamwezi waliozoea kuishi kwa mzigo wakaishia kuwa vibarua wa tuta la reli ile iliyowaondolea kazi.

Kutoka Kigoma kufunguliwa hadi vita kuu kuanza haikupita hata miezi saba. Reli iliyojengwa kwa ajili ya pamba, karanga na ngozi haikupata muda wa kuonyesha kama ingeweza kujilipa. Badala yake ikabeba askari, na ndipo mambo ya benki yalipogeuka kwa namna ambayo hakuna mtu wa Berlin aliyeipanga.

Manowari za Kiingereza zilifunga pwani. Noti mpya hazikuweza kuja kutoka Ujerumani, wala madini ya fedha ya kutengenezea rupia. Serikali ilikuwa na askari na wapagazi wengi wa kulipa, na kila rupia ya fedha iliyotoka ikafichwa na aliyeipata, chini ya ardhi au katika mkunjo wa paa. Watu walijua vita vitakuwa na mwisho na kwamba madini yangebaki na thamani yake, aje Mjerumani, Mwingereza au Mbelgiji. Benki ikaanza kuchapa noti za muda hapahapa nchini kuanzia mwaka 1915, na safari hii haikuishia kwenye rupia 5. Ilichapa noti za rupia 1.

Jambo hili ndilo lililonifanya niandike makala hii. Kwa miaka kumi benki haikuwa na karatasi ya kumfaa mtu wa kawaida. Ilipokuwa na akiba, ilizungumza na wenye mashamba na makampuni. Ilipoishiwa, ikamkumbuka askari na mpagazi. Kukubali noti ile ya rupia 1 kulikuwa ni kuikopesha benki, na kupitia benki kuikopesha serikali ya vita, bila riba, bila mdhamini na bila hiari. Mwenye hisa wa Frankfurt alikuwa na sheria ya bunge nyuma yake. Mpagazi wa Tabora alikuwa na kipande cha karatasi.

Nimewahi kuishika noti moja ya aina hiyo, kwa mkusanyaji wa sarafu za kale jijini Dar es Salaam aliyeniruhusu kuitoa katika mfuko wake wa plastiki. Ni ndogo kuliko nilivyodhani, karatasi yake ni nzito na inakwaruza kidogo, na haina picha yoyote, si simba, si bandari, si Kaizari. Kuna maandishi ya Kijerumani yenye ahadi kwamba benki italipa rupia moja kwa mwenye kuileta kwenye madirisha yake katika koloni, na sahihi mbili zilizofifia. Mahali pa kutolewa pameandikwa miji miwili kwa pamoja, Daressalam na Tabora, kwa kuwa serikali ilikuwa imehamia bara kuepuka mizinga ya manowari, na benki ikahama nayo kwa treni. Nyuma ilikuwa na alama ya mafuta ya kidole cha mtu. Nilipouliza bei, mwenyewe alicheka, akasema zipo nyingi mno duniani kuwa ghali.

Sarafu za Tabora ndizo zilizo ghali. Mwaka 1916 karakana ya reli iliyokuwa karibu na Tabora, ambayo kazi yake ilikuwa kutengeneza mabehewa na vichwa vya treni, iligeuzwa kuwa kiwanda cha pesa. Kwanza walipiga sarafu za heller 5 na 20 kwa shaba yoyote iliyopatikana, yakiwemo maganda ya risasi. Kisha, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke huko Iramba, wakapiga sarafu ya rupia 15. Upande mmoja kuna tai wa dola ya Ujerumani; upande wa pili kuna tembo aliyeinua mkonga, nyuma yake mlima, chini mwaka 1916 na herufi T ya Tabora. Zilipigwa zipatazo 16,000. Uzito wake ni gramu 7.168, ambao ni sawasawa kabisa na uzito wa dhahabu halisi iliyomo katika sarafu ya marki 20 ya Ujerumani, na kwa kiwango rasmi rupia 15 zilikuwa sawa na marki 20. Lakini sarafu ya Tabora ni dhahabu kwa robo tatu tu. Robo iliyobaki ni madini mengine. Aliyeipima kwenye mizani angeridhika, na aliyeiyeyusha angegundua kwamba amepunjwa. Siwezi kuamua kama mtu aliyebuni jambo hilo alikusudia hila au alishindwa tu kuisafisha dhahabu, ila najua kwamba benki yoyote ingelifurahia wazo hilo.

Kwa miezi ile michache reli ndiyo iliyokuwa benki. Ilisafirisha karatasi, ilihifadhi akiba, na mikono iliyozoea kunoa ekseli ndiyo iliyopiga dhahabu mhuri. Tarehe 19 Septemba 1916 majeshi ya Wabelgiji yaliingia Tabora, wiki mbili baada ya Waingereza kuingia Dar es Salaam. Wajerumani walirudi kusini bila reli, wakaendelea kutoa noti msituni mwaka 1917, zilizogongwa kwa mihuri ya mpira, kila safari zikiwa mbovu zaidi. Wakuu wapya walilifunga tawi la Dar es Salaam na mali za benki zikaingia katika ufilisi. Yale madirisha yaliyotajwa kwenye noti, ambako mwenye karatasi angelipwa rupia yake, hayakuwepo tena.

Kilichofuata ni haraka zaidi. Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki iliundwa London mwaka 1919, ikaleta florini mwaka 1920 na shilingi mwaka 1921, na kila shilingi iliyozunguka hapa ilifungamanishwa na pauni huko. Standard Bank ya Afrika Kusini iliingia nyuma ya majeshi, na National Bank of India nayo ikawepo. Reli ya Kati ikawa ya Waingereza, ikatolewa tawi kutoka Tabora hadi Mwanza mwaka 1928, na pamba ya Wasukuma ikaanza kuijaza mabehewa kama Dernburg alivyoota. Fedha za kuinunua pamba hiyo zilitoka benki wakati wa msimu, zikapitia kwa wanunuzi, na msimu ulipokwisha zikarudi benki na kwenda zao.

Mkulima mwenyewe alizuiwa kwa sheria. Amri ya mwaka 1931 ya kudhibiti mikopo kwa wenyeji ilifanya deni la Mwafrika kwa mfanyabiashara lisidaike mahakamani isipokuwa lilipata idhini ya ofisa wa serikali. Nia iliyotangazwa ilikuwa kumlinda asinyonywe na wenye maduka, na huenda baadhi ya waliotunga amri hiyo waliiamini kweli. Matokeo yake ni kwamba mtu ambaye babu yake aliweza kupokea mali ya thamani kubwa kwa ahadi ya mdomo Zanzibar na kwenda nayo hadi Ujiji, yeye hakuweza kukopa jembe Shinyanga kwa namna ambayo sheria ingeitambua.

Walioupenya ukuta huo mapema walikuwa kwenye njia ya reli ile nyingine, ya Tanga. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro waliunda chama chao mwaka 1925, na mwaka 1933 kikazaliwa chama kikuu cha ushirika, KNCU, chenye makao Moshi. Kahawa ilikusanywa vijijini kwa jina la wanachama wote, mkulima akapewa malipo ya kwanza, na salio likafuata baada ya mauzo. Mkulima mmojammoja hakukopesheka, lakini ghala lililojaa kahawa ya maelfu ya wakulima, likiwa kando ya stesheni ya reli iendayo bandarini, lilikuwa dhamana ambayo hata meneja wa benki aliweza kuiona kupitia dirisha lake.